Kulea Viwavi Wenye Pembe Nyumbani kwa Chakula cha Vinyonga

Ndugu wafugaji, asanteni kwa kufika. Leo tunamzungumzia kiwavi mwenye pembe, yule mnene mwenye mistari saba myeupe iliyolala mshazari kila ubavu na kijipembe chekundu nyuma. Jina lake la kisayansi ni Manduca sexta. Asili yake ni Amerika, na wakulima wa tumbaku na nyanya wa huko wanamjua kama mharibifu. Pembe yake ni laini, haichomi wala haina sumu, kwa hiyo hakuna haja ya kuikata kabla ya kumlisha kinyonga.

Kwanza tujue tunampa nini mnyama wetu. Takriban asilimia 85 ya mwili wa kiwavi huyu ni maji. Protini ni kama asilimia 9, mafuta kama 3. Kinyonga hanywi kwenye bakuli, hulamba matone kwenye majani, na wengi wao hukaa na kiu bila mwenye nyumba kujua. Kiwavi huyu humwongezea maji mwilini, na kwa kinyonga ambaye macho yameanza kuingia ndani kwa kukosa maji ni msaada mkubwa. Lakini maji hayohayo ndiyo sababu asiwe chakula cha kila siku: ukimlundikia, kinyesi kitakuwa majimaji, na atashiba kabla hajapata protini ya kutosha. Nyenje na mende wabaki kuwa chakula kikuu. Kinyonga mkubwa apewe kiwavi mmoja au wawili, mara mbili au tatu kwa wiki. Upana wa kiwavi usizidi nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya kinyonga.

Tena, mwilini mwake fosforasi inaizidi kalisiamu mara kadhaa, wakati kinyonga anahitaji kinyume chake. Kwa hiyo mpake kiwavi unga wa kalisiamu kabla ya kumtoa. Ngozi yake ni laini na ina unyevu kidogo, unga unashika vizuri. Mpake dakika ileile ya kulisha, kwa sababu akitembea unga unadondoka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawalipi uzito, nalo ni joto. Kiwavi huyu anatoka kwenye yai akiwa na uzito wa karibu miligramu 1, na kwenye nyuzi joto 27 za Selsiasi, baada ya siku 18 hadi 20, anafika gramu 10. Hiyo ni mara elfu kumi. Anajivua ngozi mara nne, yaani ana hatua tano za ukuaji, lakini hatua hizo hazilingani hata kidogo. Anaingia hatua ya tano akiwa na gramu 1 au kidogo zaidi, na ndani ya siku nne au tano tu anajaza zote zilizobaki. Ndiyo maana mtu anaangalia kikombe Jumatatu anaona viwavi wa sentimita 4, wanamfaa kabisa kinyonga wake. Ijumaa anakuta majitu ya sentimita 8 ambayo kinyonga anayakimbia. Hakuna kilichoharibika hapo. Hakupunguza joto tu.

Kwa hiyo joto ndilo usukani wetu. Kati ya nyuzi 25 na 28 wanakua kwa kasi kamili. Zikipanda juu ya 32 wanaanza kudhoofika na kufa. Kwenye 12 hadi 14 wanakaribia kusimama, na hapo unaweza kuwashikilia kwa wiki moja mpaka mbili bila kupoteza ukubwa unaoutaka. Jokofu la chakula halifai, ni baridi mno: kwenye nyuzi 4 utawaua. Tafuta chumba cha baridi, au tumia boksi lenye themostati, yaani kidhibiti joto. Ukianza na mayai mengi, yagawe: fungu moja liende kwenye joto, lingine lisubiri kwenye ubaridi, ili kila wiki uwe na viwavi wa ukubwa unaohitajika.

Chakula. Hapa naomba tusikilizane sana, kwa sababu kosa moja linaweza kumdhuru kinyonga. Porini kiwavi huyu anakula majani ya tumbaku, nyanya na jamii yake. Majani hayo yana sumu, kama nikotini ya tumbaku na tomatini ya nyanya. Yeye anazivumilia, lakini zinabaki tumboni na mwilini mwake. Kiwavi aliyeokotwa shambani asimguse kinyonga kamwe. Na huyo wa nyumbani usimpe jani la nyanya eti umwongezee virutubisho.

Tunatumia chakula cha kupika kinachoganda kwa aga, unga wa mwani unaogandisha maji. Ukinunua unga uliokwisha changanywa, fuata vipimo vya muuzaji. Ukitaka kupika mwenyewe, kwa lita moja ya maji chukua gramu 20 za aga, gramu 95 za kiini cha ngano, gramu 45 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 20 za hamira iliyokufa, ile ya lishe isiyoumusha, mililita 5 za mafuta ya kitani, gramu 5 za vitamini C, gramu moja na nusu ya asidi ya sobiki na gramu moja ya methiliparabeni. Hizo mbili za mwisho ni za kuzuia ukungu. Chemsha maji na aga huku ukikoroga, yatokote dakika mbili mpaka aga iyeyuke yote; isipoyeyuka, chakula hakitashika chini ya kikombe, kitadondoka ukikigeuza. Tia vitu vikavu, mafuta na vizuia ukungu, usage kwenye blenda mpaka uwe uji laini. Subiri ushuke kwenye nyuzi 60 hivi ndipo utie vitamini C, kwa sababu moto mkali unaiharibu. Usichelewe sana, maana aga ikikaribia nyuzi 40 inaganda sufuriani. Ziko kanuni za maabara zinazotia fomalini. Kwa mdudu atakayeliwa na mnyama wako, iache.

Mtaona kwamba kiwavi aliyelelewa kwa chakula hiki anakuwa wa buluu badala ya kijani. Si ugonjwa. Damu yake ina rangi ya buluu, na ile ya manjano inayomgeuza kijani hutoka kwenye karotini za majani, ambazo kwenye chakula hiki ni haba. Ukipenda, tia kijiko kimoja cha unga wa paprika kwa lita: rangi itasogea kwenye kijani, na kinyonga atapata karotini ndani ya kiwavi. Mimi naona ni nyongeza inayostahili.

Makazi yake ni kikombe cha plastiki cha nusu lita chenye kifuniko. Mimina uji wa moto kina cha sentimita 2 chini ya kikombe, acha upoe kabisa, futa matone ya mvuke ukutani, kisha kwaruza uso wake kwa uma ili vichanga wapate pa kushika. Simamisha ndani kipande cha wavu wa plastiki kutoka kwenye chakula hadi kwenye kifuniko, kiwe ngazi. Toboa matundu madogo kwenye kifuniko. Kwa vichanga tandika kwanza karatasi laini chini ya kifuniko, maana wanapenya popote. Halafu geuza kikombe juu chini. Sasa chakula kiko darini, viwavi wananing'inia na kula, na kinyesi kinadondoka chini kwenye kifuniko. Kila siku fungua, kung'uta, futa, funga. Kikombe kilichosimama kawaida hujaza kinyesi juu ya chakula, kinyesi kinavuta unyevu, unyevu unaleta ukungu, na baada ya ukungu bakteria hawako mbali.

Idadi nayo ina maana. Vichanga 25 wanatosha kwenye kikombe kimoja. Wakifika sentimita 2, punguza wabaki 10. Hatua ya tano wasizidi watatu au wanne, na ukimweka kila mmoja peke yake ndiyo bora zaidi, kwani wakibanana wanang'atana na kuchafua chakula haraka kuliko unavyoweza kusafisha.

Kuna swali hapa mbele: kiwavi ameacha kula, amesimama tuli tangu jana, je, amekufa? Mwangalie kichwani. Ukiona kichwa kimekuwa kidogo kuliko shingo, na nyuma yake kuna uvimbe uliong'aa kama kichwa cha pili kinachosukuma, huyo anajiandaa kujivua ngozi. Ametandaza hariri nyembamba na kuishika kwa miguu yake ya nyuma. Usimng'oe. Ukimvuta, miguu inachanika, damu inatoka, na hatapona. Mwache siku nzima, atatoka mpya na njaa kali. Hata kwa siku za kawaida, ukitaka kumhamisha toa wavu alioshikilia pamoja naye, au mguse nyuma kwa brashi mpaka aachie mwenyewe.

Aliyekufa utamjua. Amelegea, ananing'inia, ameanza kuwa mweusi au hudhurungi, ananuka. Wakati mwingine majimaji yake ni mekundu. Hiyo ni bakteria, na inasambaa. Mtoe pamoja na chakula alichogusa, wazima wahamishie kikombe kipya, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kikombe kinachofuata. Vikombe vya zamani loweka kwenye maji yenye dawa ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, kisha suuza sana na ukaushe. Aliyeonekana mgonjwa haendi kwa kinyonga, hata kama bado anatembea.

Wanaotaka kuzalisha wenyewe, chagueni viwavi kumi hadi ishirini walio wanene na wepesi kula. Mwisho wa hatua ya tano, mstari mweusi unaodunda utaonekana katikati ya mgongo. Huo ni moyo wake. Anaacha kula, anatoa kinyesi cha majimaji, anaanza kuzungukazunguka akitafuta udongo wa kujifukia, ageuke pupa, yaani bumba tuli ambalo baadaye hutoka nondo, mdudu mwenye mabawa kama kipepeo. Mpe boksi lenye udongo usio na mbolea wala dawa, kina cha sentimita 15, wenye unyevu kiasi kwamba ukiufinya unashikana bila kutoa maji. Ukiwa mkavu pupa anakauka, ukilowa anaoza. Usichimbue kabla ya siku kumi. Ngozi ya pupa mchanga ni laini, ukiigusa inapasuka.

Jambo linalowashangaza wengi ni pupa kulala miezi bila nondo kutoka. Sababu ni mwanga. Viwavi wanaolelewa kwenye siku fupi wanajiandaa kwa majira ya baridi, na pupa wao hulala usingizi mrefu. Wape mwanga saa 16 na giza saa 8 tangu wakiwa mayai, kwa taa ya kawaida yenye kipima saa. Hapo nondo watatoka baada ya wiki tatu hivi.

Kizimba cha nondo kiwe cha wavu pande zote, upana wa sentimita 60 na kimo cha 90. Nondo anayetoka lazima apande ukuta wenye kukwaruza na kuning'inia ili mabawa yanyooke. Kwenye kioo au plastiki laini anateleza, na mabawa yanakauka yamekunjamana. Weka maji ya sukari, gramu 20 kwa mililita 100. Majike hutaga vizuri wakigusa jani la jamii ya nyanya, kwa hiyo hapa, na hapa tu, jani linaruhusiwa: tia tawi kwenye chupa ya maji. Mayai ni ya kijani, madogo, yamebandikwa moja moja. Yavune kila asubuhi. Huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na kichanga asipate nafasi ya kuung'ata ule mmea. Yaoshe dakika mbili kwenye klorini hafifu sana, kijiko kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia kwa vijiko hamsini vya maji, suuza, kausha, weka kwenye kikombe kilicho tayari.

Swali la mwisho, kuhusu nondo waliozidi. Nondo aliyelelewa kwa chakula cha kupika anaweza kulishwa kwa kinyonga mkubwa, na wengi humfuata kwa hamu kwa sababu anaruka. Lakini usimwachie nje hata mmoja, wala kiwavi, wala yai. Mahali ambapo si kwao wanaweza kugeuka wadudu waharibifu wa mashamba, na zipo nchi zinazodai kibali hata kwa kuwafuga tu. Uliza mamlaka ya mimea na wadudu kabla ya kuagiza. Waliobaki, pamoja na mabaki ya chakula na udongo wa boksi, funga kwenye mfuko, gandisha siku mbili, ndipo utupe.

Waliokuja na vikombe vyao wavilete hapa mezani tuviangalie, tukianza na vile vilivyoingia ukungu.