Pirlo Aliporudishwa Nyuma

Makocha wenzangu, nimeombwa nizungumzie kiungo, nami nimemchagua Andrea Pirlo wa Italia. Hana mbio, mpira wa kichwa si wake, kukaba ni kwa kulazimishwa. Kwenye majaribio yetu ya vijana huyu angerudishwa nyumbani kabla ya saa nne asubuhi.

Alianza kama namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji anayecheza juu, karibu na goli la wapinzani. Klabu ya Brescia walimpa mechi ya kwanza ya Serie A, ligi kuu ya Italia, mwaka 1995, ana miaka 16. Inter wakamchukua 1998, hakupata nafasi ya kudumu, akawa mtu wa mikopo: Reggina, kisha mwaka 2001 Brescia tena. Na Brescia yupo nyota Roberto Baggio, nafasi ni ileile ya namba kumi. Kocha Carlo Mazzone angeweza kumweka benchi, na wengi wetu humu ndani tungemweka. Yeye akamrudisha nyuma, acheze mbele ya mabeki, pale tunapozoea kumpanga mtu wa kuvunjavunja mashambulizi.

Tazameni mechi ya Brescia kwa Juventus, mjini Turin, tarehe 1 Aprili 2001. Juventus wanaongoza 1-0, dakika za mwisho. Pirlo anainua kichwa, anapiga pasi ndefu juu ya mabeki. Baggio anaituliza kwa mguso mmoja, mguso huohuo unampita kipa Van der Sar, anamalizia. Pirlo angekuwa juu, kaligeuzia goli mgongo, pasi ile asingeiona.

Milan wakamnunua mwaka huohuo, na kocha Carlo Ancelotti akamwacha kulekule nyuma. Ila msiige nusu ya somo: jirani yake alikuwapo Gennaro Gattuso, anakimbia na kukaba kwa niaba ya wote wawili. Wakabeba Ligi ya Mabingwa 2003 na 2007. Fainali ya 2005 mnaijua: walishindwa na Liverpool kwa penalti, na ya Pirlo ilipanguliwa.

Lakini kama mna muda wa kuwaonyesha vijana kipande kimoja tu, waonyesheni Dortmund, nusu fainali ya Kombe la Dunia 2006 dhidi ya Ujerumani. Dakika ya 119, bado 0-0. Kona imeondolewa, mpira unamwangukia Pirlo nje ya boksi. Kila mtu anasubiri shuti. Hapigi. Anakokota taratibu kuelekea kulia, Wajerumani wanamfuata, halafu anapenyeza pasi katikati yao bila hata kuangalia anakoipeleka. Fabio Grosso, beki wa kushoto, anaizungusha wavuni. Kwenye fainali, kona ya Pirlo ndiyo iliyompa beki Materazzi bao la kusawazisha.

Mwaka 2011 Milan wakamwachia aondoke bure, ana miaka 32. Akaenda Juventus. Msimu wake wa kwanza, Juventus wakawa mabingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Nafasi ya pili wakashika Milan.