Mtoto wa mbwa wa Oberkassel

Habari za jioni ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Watu wengi wakiulizwa kwa nini binadamu alimfuga mbwa wanajibu haraka haraka, uwindaji na ulinzi, basi. Mimi nataka tuangalie mifupa fulani kwanza.

Mwaka 1914 wachimba mawe wa Oberkassel, karibu na Bonn kule Ujerumani, walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mnyama ambayo ilikaa tu stoo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 ndo ikaja kujulikana kumbe ni mbwa, mbwa wa kufugwa kabisa, wa miaka kama 14,000 iliyopita. Kipindi hicho hakuna shamba, hakuna ng'ombe wala mbuzi wa kufugwa popote duniani, ila mbwa tayari yupo.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 2018 daktari wa mifugo Luc Janssens na wenzake walichapisha walichokiona kwenye meno ya yule mbwa, yana alama za distempa, ugonjwa uliompata akiwa na wiki kama 19, na akafa kwenye wiki ya 28 hivi. Waliowahi kuuguza mbwa mwenye distempa wanajua hali inavyokuwa, homa, kutapika, kuhara, chakula hagusi, baadaye degedege. Akiachwa peke yake wiki 3 hazifiki. Huyu alisogea wiki na wiki, kwa hiyo kuna mtu alikuwa anamnywesha maji, anamsafisha, anamfunika kwenye baridi kali ile, na muda wote huo mbwa hawezi kuwinda hata panya! Alipokufa wakamzika na watu. Hapo faida iko wapi? Mimi naona upendo, sina neno lingine.

Damu yake inatoka kwa mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, sio hawa wenye mabaka wa Serengeti. Na upole wenyewe unarithishwa, kule Novosibirsk, Urusi, kuanzia 1959 wanasayansi Dmitri Belyaev na Lyudmila Trut walizalisha mbweha kwa kuchagua wale wapole tu, hawakuangalia kingine, na baada ya vizazi vichache wakaanza kutikisa mikia kwa watu, wengine wakaja na masikio yaliyolala na mabaka meupe.

Hata tumbo lilibadilika. Mbwa mwitu ana nakala 2 za jeni (chembe ya urithi) ya kumeng'enya wanga, mbwa wetu anazo kuanzia 4 mpaka 30, ndo maana anakula ukoko wa ugali na siku inaenda.

Sasa huku kwetu tunamlaza nje, anabweka usiku kucha kwa ajili yetu, asubuhi anapigwa mawe, halafu chanjo ya kichaa cha mbwa tunaona gharama, wakati karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu vinatokana na kung'atwa na mbwa, na wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakatika. Inaniuma sana hii. Kwa hiyo kampeni ikija kijijini mpeleke, mfunge kamba umpeleke mwenyewe, na mtoto aking'atwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri dalili, zikishatokea hakuna dawa.