Karai Kwanza, Ubao Baadaye

Walimu na wazazi, mwanijua, na wimbo wangu mwaujua: mtoto wa gredi ya nne aunde kitu kwa mikono yake kabla hajaandikiwa neno ubaoni. Salamu zimetosha, twende kwenye karai la maji.

Chukua pakiti ya maziwa ya lita moja, ikate kwa urefu iwe kihori, mtumbwi mdogo. Urefu sentimita 20 hivi, upana 7. Iweke majini, uitie mchanga uliopimwa. Kila ikididimia sentimita moja zaidi, imeongeza mzigo wa gramu 140 hivi, kwani 20 mara 7 ni 140, na sentimita moja ya ujazo wa maji ina gramu moja. Aliyejionea hayo kwa rula yake hana haja ya kukaririshwa kanuni ya Archimedes ya kuelea.

Uhandisi waanza hapa. Lundika mchanga wote upande mmoja: kihori chapinduka. Mwalimu, tafadhali, nyamaza! Nimemwona msichana wa Mtongwe akifunga vijiti viwili vya mishikaki kukingama kihori, nchani akachomeka vipande vya ndara kuukuu. Matengo ya ngalawa hayo, yaizuiayo isipinduke! Hakuna aliyemwelekeza. Kikayumba bado, akatafuta vijiti virefu zaidi, kikatulia. Kanuni ya nyenzo hiyo, mkono mrefu nguvu zaidi, na neno lenyewe hajalisikia.

Namwona mzazi kule nyuma ashanyanyua mkono. Najua: "CBC imetumaliza kwa manila na gundi." Haki yako. Tangu mtaala huo wa umilisi uanze 2019, akina mama wamekesha wakiunda kazi za watoto, asubuhi mtoto aipeleka gundi haijakauka. Huo ni mtihani wa mama, na mama apata alama nzuri kwelikweli! Mimi nasema ifanywe darasani, kwa taka, na kilichozama kipewe alama pia, mradi mtoto aandike kilizama kwa nini na amebadilisha nini.

"Na darasa la watoto sitini?" Makarai manane, ndoo moja ya mchanga. Kelele zitakuwapo, ndiyo. Sokoni Kongowea kuna kelele na watu wapiga hesabu sawasawa.

Jambo langu la pili lilikuwa zile tableti serikali ilizoanza kugawa shuleni 2016. Niliache, nitakasirika bure. La tatu, umeme: betri, waya, balbu, siku nyingine.

Mwenyekiti ashaanza kutazama saa. Pakiti ziko pale mezani, karai liko chini. Mkasi ni mmoja, pokezaneni. Na walimu wakuu waanze wao, suti na zilowe.