Paspoti ya Uingereza haitoshi kumpatia mtoto mkopo wa chuo

Ndugu watazamaji, hamjambo huko nyumbani. Leo nazungumza na ninyi mnaowalea Dar es Salaam, Mombasa au Unguja watoto wenye paspoti ya Uingereza, kwa sababu wengi wenu mnaamini kwamba mtoto akishamaliza kidato cha sita atapanda ndege, ataingia chuo kikuu hapa England na serikali itamkopesha ada.

Mikopo ya shahada ya kwanza hapa England hutolewa na Student Finance England, na kwa waombaji walio wengi sharti kubwa, ukiacha uraia au haki ya kuishi nchini bila ukomo, ni kuwa mkazi wa Uingereza kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kozi kuanza. Kwa kozi za Septemba na Oktoba, siku inayohesabiwa ni tarehe 1 Septemba. Hivyo anayekusudia kuanza mwaka 2029 anapaswa awe anaishi hapa tangu tarehe 1 Septemba 2026. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina vyombo vyao.

Kwenda kwa bibi kula Idi hakuvunji ukazi. Lakini mtoto aliyesomeshwa sekondari yote Tanga, akija huku likizo tu, ni vigumu sana kumtetea kuwa mkazi wa Uingereza, kwani fomu humtaka aandike alikoishi miaka yote hiyo mitatu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyo hukosa mkopo na kwa kawaida hutozwa pia ada ya wanafunzi wa kigeni, ambayo haina kikomo cha kisheria, wakati ada ya mwenyeji kwa mwaka wa masomo 2025/26 haizidi pauni 9,535.

Kwa mnaotaka kuja kwa viza ya mwanafunzi, mkopo huu hamuupati, na miaka iliyotumika hapa kwa ajili ya masomo tu haihesabiwi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokwisha kutambuliwa hapa kuwa wakimbizi hawasubiri miaka mitatu.

Basi, wazee wangu, kaeni kikao na wazazi walioko huku mtoto angali kidato cha pili. Mkiamua arudi, wazazi watunze barua za shule na za daktari zenye anwani na tarehe, kwa kuwa ushahidi wa makazi unaweza kudaiwa.