Gadi wa Pili Asajiliwe Mapema

Makocha wenzangu, wachezaji, na nyote mnaoupenda mpira wa kikapu, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie usajili wa miezi ya mapumziko, na nitashika nafasi moja tu: gadi wa akiba, yaani yule wa pili anayepandisha mpira na kuongoza mashambulizi gadi wa kwanza akiwa nje. Timu nyingi huijaza mwisho, kwa pesa zilizobaki, baada ya kumaliza kuwafukuzia wachezaji warefu. Naamini huko ni kukosea mpangilio, na nitawaeleza kwa nini.

Tupige hesabu ya dakika. Mechi ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ina dakika 48. Gadi nyota hucheza 35 au 36, zinabaki kama 12. Zidisha kwa mechi 82 za msimu wa kawaida: unakaribia dakika 1,000, sawa na mechi 20 nzima ambazo timu inaendeshwa na mtu mwingine. Hapo bado hatujataja kifundo cha mguu kilichoteguka wala mafua. Mtu huyo anapandisha mpira huku anabanwa, anaanzisha shambulizi kwa wakati, na anamrudishia mwenzake timu ikiwa haijaachwa nyuma.

Mfano ninaotaka tukae nao ni Dallas Mavericks. Mwaka 2018, katika drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua vijana wapya kwa zamu, walimchukua Luka Doncic, ambaye ndiye akawa gadi wao nyota, na katika drafti hiyohiyo, nafasi ya 33, wakampata gadi mwingine, Jalen Brunson. Kijana mfupi kwa vipimo vya ligi ile, mwenye miguu imara na subira ya mtu mzima. Kwa sehemu kubwa ya misimu mitatu ya kwanza alitokea benchi. Kabla ya msimu wa 2021–22, kanuni ziliiruhusu Dallas kumwongezea mkataba wa miaka minne wa takriban dola milioni 55. Haukusainiwa.

Ikafika Aprili 2022. Doncic anaumia msuli wa mguu, anakosa mechi tatu za mwanzo za mtoano dhidi ya Utah Jazz. Mechi ya pili Brunson anafunga pointi 41 bila kupoteza mpira hata mara moja. Kwangu mimi ile sifuri ina uzito kuliko ile 41. Mechi ya tatu, ugenini, anaongeza 31. Doncic anaporudi anaikuta timu yake mbele kwa 2–1. Wakawatoa Utah, wakawatoa Phoenix, wakafika fainali ya Magharibi, yaani ya nusu moja ya ligi, ambako Golden State waliwafunga 4–1.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kosa liko hapa. Katika mfululizo ule na Golden State, Dallas walizidiwa ribaundi, yaani kudaka mipira inayokosa kikapu, na kila mtu aliona. Kiangazi kilipofika wakaenda kutafuta urefu: wakamleta Christian Wood, wakamsajili JaVale McGee. Brunson naye alikuwa mchezaji huru, mkataba wake umekwisha. Akaenda New York Knicks kwa miaka minne, dola milioni 104, na Dallas hawakupata mchezaji yeyote badala yake. Ligi baadaye iliinyang'anya Knicks chaguo la raundi ya pili ya drafti kwa kuanza mazungumzo kabla ya muda, lakini adhabu hiyo haikuirudishia Dallas gadi.

Mtu anaweza kusema: si walikuwa na gadi mwingine, Spencer Dinwiddie? Walikuwa naye, na ni mchezaji mzuri. Ila alihamishwa kutoka benchi kwenda kuanza, kwa hiyo pengo halikuzibwa, lilisogezwa tu. Nyuma yake alibaki Frank Ntilikina, Mfaransa ambaye wazazi wake wanatoka Rwanda, mkabaji hodari niliyependa sana kumtazama, lakini kazi yake haikuwa kuubeba mzigo wa mashambulizi. Alikuwepo pia Jaden Hardy, kinda wa raundi ya pili. Oktoba wakamsajili gadi Facundo Campazzo, Novemba wakamwachia. Wakamchukua gadi Kemba Walker, ambaye magoti yalikuwa yamekwisha kumsumbua. Disemba alifunga 32 dhidi ya Cleveland Doncic akiwa amepumzishwa, na Januari naye akaachwa. Februari ikawabidi wamtoe Dinwiddie, Dorian Finney-Smith na chaguo la raundi ya kwanza la 2029 ili wampate gadi nyota, Kyrie Irving. Timu iliyoshinda mechi 52 msimu uliotangulia ilimaliza na 38, nje ya mtoano.

Linganisheni na Indiana Pacers. Gadi wao wa akiba, T.J. McConnell, hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti ya 2015. Indiana walimchukua 2019 na wakaendelea kumlipa kama mtu anayehitajika. Fainali za 2025 dhidi ya Oklahoma City, mechi ya tatu, alitoka benchi akapata pointi 10, asisti 5 (pasi za kufungisha) na kupora mipira 5, na Indiana wakashinda. Mechi ya saba gadi wao wa kwanza, Tyrese Haliburton, alikatika kano ya kisigino robo ya kwanza. Oklahoma City walitwaa ubingwa, 103–91, lakini McConnell alifunga 16 na timu ilikuwa bado na mtu wa kuiongoza.

Nimesikia swali kutoka pale nyuma: klabu zetu hazina mamilioni, tufanyeje? Dada yangu, kwetu jambo hili ni jepesi kidogo, kwa sababu kulipima hakuhitaji pesa. Katika mechi za kirafiki kabla ya msimu, mwondoe gadi wako wa kwanza kipindi kizima cha pili. Mwombe kocha mwenzako awabane uwanja mzima. Hesabu mara ngapi mpira umevuka mstari wa kati salama, na nani aliyeuvusha. Kama jibu ni senta wako, yule mrefu wa chini ya kikapu, umeshajua pa kuanzia. Na ukienda kumtafuta huyo gadi, usimtazame dakika za mwanzo ambapo kila kijana ana pumzi. Kaa mpaka dakika tano za mwisho, angalia kama bado anaweza kudunda kwa mkono wake dhaifu huku macho yake yako kwa wenzake. Halafu zungumza naye kuhusu msimu ujao kabla klabu nyingine haijamwona.