Kabla ya Kuomba, Uliza Shamba: Mhadhara kwa Wanaotaka Kusoma Kilimo

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi,

Anayetaka kusoma kilimo katika chuo kikuu kidogo huuliza kwanza ada, halafu mabweni, halafu ajira. Ni maswali ya haki. Lakini lipo swali linalostahili kuyatangulia: shamba la chuo liko umbali gani na madarasa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huingia humo mara ngapi kwa wiki?

Chuo cha Hohenheim, katika Ujerumani ya leo, kilianzishwa mwaka 1818 baada ya njaa iliyofuata mlipuko wa volkano ya Tambora wa mwaka 1815, mazao yalipoharibiwa na baridi na mvua. Kilikusudiwa kufundisha, kufanya majaribio na kuonyesha kilimo bora, vyote mahali pamoja. Mpangilio huo haujapitwa na wakati. Chuo kisicho na shamba linalofanya kazi kitakufundisha kuhusu kilimo, na utatoka humo hujui kukifanya.

Kwa hiyo, siku ya kutembelea chuo, omba upelekwe bandani na kwenye vitalu. Angalia kama vitalu vina vibao vyenye tarehe ya kupanda na jina la mbegu. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu lini mara ya mwisho alipima udongo kwa mikono yake. Kisha uliza kuhusu wahadhiri wa kozi unayoitaka: wako wangapi? Udogo wa chuo una faida kubwa, maana mhadhiri atakujua kwa jina na darubini utaishika mwenyewe badala ya kuchungulia nyuma ya mabega ya wenzako. Lakini mhadhiri mmoja akibeba masomo matatu kisha akaenda kujiendeleza kimasomo au akaugua, masomo hayo husimama. Uliza pia ni masomo gani ya hiari yanayofundishwa kila mwaka. Mengine yamo kwenye kitabu cha chuo na hayafundishwi mpaka wapatikane wanafunzi wa kutosha.

Sasa ombi lenyewe. Soma sifa za kozi. Sifa za jumla za chuo hazitoshi. Chuo kinaweza kukupokea kwa ufaulu wako wa jumla, huku sayansi ya udongo ikidai kemia na uhandisi wa kilimo ukidai fizikia na hisabati. Hakikisha jina lako linafanana herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya mitihani. Kama halifanani, shughulikia hilo kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, kwa sababu marekebisho ya jina huchukua muda mrefu kuliko ombi zima. Mwalimu atakayekuandikia barua ya mapendekezo mwombe mwezi mmoja kabla, umkabidhi nakala ya matokeo yako na maelezo ya kozi, asije akaandika barua ambayo ingemfaa mwanafunzi yeyote.

Barua yako iwe ukurasa mmoja. "Napenda kilimo tangu utotoni" haimwambii msomaji kitu. Andika tatizo uliloliona na unachotaka kulijua: majani ya maharage yanageuka manjano kuanzia ya chini, nawe unataka kuelewa kwa nini upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya zamani, wakati upungufu wa chuma huanzia majani machanga. Sentensi kama hiyo inaonyesha umeshaanza kuangalia. Kama una mzio wa vumbi, chavua au manyoya ya wanyama, useme kwenye fomu ya afya ili upangiwe kazi inayokufaa. Na upate chanjo ya pepopunda kabla ya kushika jembe la chuo.

Ukishapokelewa, ratiba yako itaamuliwa na mimea na wanyama. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa kwa kawaida mara mbili kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa hiyo kuna zamu za alfajiri. Katika zamu hizo, maziwa ya mwanzo ya kila chuchu hukamuliwa kwenye kikombe chenye kichujio cheusi ili mabonge ya ugonjwa wa kiwele yaonekane. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki huwekewa alama na maziwa yake hutengwa. Mwanafunzi mmoja asiposoma ubao wa banda, tangi zima humwagwa.

Zoezi la shambani ukilikosa mara nyingi halirudiwi. Mahindi yakishatoa mbelewele, huwezi kuyarudisha nyuma ili uhesabu majani.

Wanaohangaika mwaka wa kwanza, wengi hawasumbuliwi na jembe, wanasumbuliwa na hesabu. Nichukue mfano wa bomba la kunyunyizia dawa. Weka maji matupu, nyunyizia eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyotumika. Tuseme ni lita 3. Eneo hilo ni mita za mraba 100 na hekta ina 10,000, kwa hiyo unatumia lita 300 kwa hekta. Bomba la lita 15 litajazwa mara 20. Lebo ikisema lita 1.5 ya dawa kwa hekta, kila bomba linapata mililita 75. Anayekisia kwa kifuniko cha chupa ataunguza mazao au ataacha wadudu hai, na hatajua kwa nini. Rudia kipimo kila unapobadilisha nozeli, yaani ncha inayotoa dawa, au mtu anayebeba bomba, kwa kuwa mwendo wa watu haulingani.

Udongo nao una adabu zake. Chukua sampuli ndogo 15 hadi 20 kwa kupita shambani kwa mtindo wa zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20, ukiruka vichuguu, kingo za njia na mahali palipokuwa na lundo la samadi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati huacha zinki kwenye udongo, na maabara itakuambia shamba lina zinki ya kutosha wakati halina. Bakiza nusu kilo, uikaushe kivulini, uandike lebo mbili: moja ndani ya mfuko, nyingine nje. Ya nje hufutika.

Mwisho ni utafiti wa mwaka wa mwisho, unaochelewesha wengi kuhitimu. Chagua kitu kinachoisha ndani ya muda ulio nao. Kuku wa nyama huchukua takriban wiki 6. Mahindi miezi 3 hadi 5 kutegemea mbegu na hali ya hewa. Miti ya matunda usiiguse, labda miche kitaluni. Ukilinganisha mbolea 4 kwa marudio 4, yaani kila mbolea ijaribiwe mara 4, una vitalu 16 vya majaribio, na kila rudio, yaani seti moja ya mbolea zote 4, likae kwenye ardhi inayofanana, likiukata mteremko. Ukiyapanga kufuata mteremko, kitalu cha chini kitapata rutuba iliyosombwa kutoka juu nawe utaisifu mbolea isiyohusika. Mistari ya pembeni usiipime. Kabla ya yote, jaribu uotaji wa mbegu wiki 2 kabla ya kupanda, kwa sababu mbegu mbovu ikigunduliwa baada ya mvua kuanza, utafiti wako unasubiri msimu mwingine.