Ndege Anayetema Mafuta

SEFU: Karibuni tena. Dada Neema amerudi kutoka Muleba, na uso wake nauona. Haya, sema.

NEEMA: Wapulizaji wa dawa ukoko, ile ya mbu ya ukutani, walipita kwa mama Jumanne. Vyombo vyote nje, kuku kwa jirani. Nikamuuliza kijana mwenye pampu, hii ni DDT, ile dawa ya zamani ya kuua wadudu? Akasema hapana. Mama akadakia: “Ile ya zamani ndiyo ilikuwa dawa!” Tangu hapo nawaza pengwini.

SEFU: Kutoka Muleba hadi pengwini!

NEEMA: Mwaka 1966 ilitangazwa kuwa pengwini wa Adélie, kule Antaktika, wana mabaki ya DDT mwilini. Kule hakuna shamba, hakuna mbu wa malaria. Nani alipuliza?

SEFU: Upepo. Penye joto DDT inapanda kama mvuke, penye baridi inashuka na kutulia. Halafu inaingia kwenye vijidudu vya bahari, samaki, ndege, na kila hatua inazidi kujikusanya kwenye mafuta ya mwili. Kaskazini nako, shakwe wa Bjørnøya, kisiwa cha Norwei, walikutwa wamekufa wakiwa na PCB nyingi mno, ile kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye mafuta ya transfoma. Ndege akikaa njaa wakati wa kuatamia, mafuta yake yanatumika na sumu inaingia kwenye damu.

NEEMA: Ndiyo maana nataka tumwongelee fulma, ndege wa bahari za baridi.

SEFU: Yule anayetapikia watu?

NEEMA: Kinda lake, Sefu. Mwewe akisogelea kiota, linamrushia mafuta kutoka tumboni. Yananuka samaki aliyeoza. Manyoya ya mwewe yakigandamana hayazuii maji tena, na anaweza kufa.

SEFU: Kinda? Lisilojua hata kuruka?

NEEMA: Hilohilo.

SEFU: Nipeni mawili niyaweke getini.

NEEMA: Subiri. Mafuta hayohayo ndiyo chakula. Mzazi anayatengeneza baharini, anakuja kumlisha mtoto.

SEFU: Anampiga adui kwa chakula cha mchana! Dada, hebu turudie hapo.

NEEMA: Turudie nini? Sikiliza. Fulma anaokota chakula juu ya maji, na plastiki inaelea juu ya maji. Vipande vinakwama kwenye firigisi. Watafiti waliloweka plastiki kwenye mafuta ya tumboni ya ndege wa baharini, kemikali zikatoka nyingi kuliko kwenye maji matupu. Na kisiwa cha Prince Leopold, kaskazini kabisa mwa Kanada, kemikali za kulainisha plastiki zimekutwa ndani ya yai la fulma.

SEFU: Kwa hiyo anachomtemea mwewe ndicho kinachoinyonya sumu kwenye plastiki.

NEEMA: Na ndicho anachomlisha mwanawe.

SEFU: Basi mama akubali, DDT isirudi.

NEEMA: Hapana, hapo sikubaliani nawe. Mkataba wa Stockholm wa 2001, wa kimataifa wa kuzuia kemikali sumu zinazodumu, wenyewe umeiacha DDT kwa ajili ya malaria, pale ambapo hakuna dawa nyingine salama na ya bei nafuu. Mbu wakizoea hizi nyingine, nitamwambia mama afe kwa ajili ya pengwini?

SEFU: Si pengwini peke yake. Miaka ya 1980 maziwa ya akina mama wa Kiinuit, wenyeji wa kaskazini mwa Quebec, Kanada, yalipimwa. Yalikuwa na PCB nyingi kuliko ya wanawake wa kusini, kwa sababu wanakula wanyama wa bahari. Nao ni mama wa watu. Nani aliwauliza?

NEEMA: PCB ilitoka viwandani kwa matajiri. Usimbebeshe mama yangu.

SEFU: Simbebeshi. Nasema upepo hauulizi dawa ilipulizwa kwa nia gani.

NEEMA: Na homa ya mtoto haisubiri upepo.

SEFU: Tafuteni dawa nyingine.

NEEMA: Nani, mimi na mama?

SEFU: Serikali, viwanda, mashirika. Lakini hii isirudi.

NEEMA: Mimi nasema ibaki kabatini. Siku ikihitajika, itolewe.

SEFU: Hapo umenipoteza kabisa, dada.

NEEMA: Na wewe vilevile. Fundi anatuonyesha saa.

SEFU: Eh! Na sijasoma hata moja ya niliyoandika. UV-328, kinga ya jua ya plastiki, iliingizwa kwenye mkataba huohuo 2023. Halafu kuna lengo la Bahari ya Kaskazini: fulma wenye zaidi ya gramu 0.1 ya plastiki tumboni wasizidi asilimia 10, na sababu ya...

NEEMA: Sefu, tumekatwa. Wiki ijayo unaanza wewe.